Wino mbadala wa printa za tangi: Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

Printa za tangi zimeenea majumbani, shuleni na katika maduka ya steshenari Afrika Mashariki kwa sababu moja kubwa, nayo ni gharama ndogo ya kila ukurasa. Hata hivyo, unafuu huo hupotea siku mtumiaji anapomimina ndani ya tangi wino usiolingana na mashine yake.

Kosa hilo halirekebishiki kwa kuchomoa kifaa kimoja na kupachika kingine, kama ilivyo kwa printa za katriji. Wino ukishaingia katika tangi husafiri kwenye mirija hadi kwenye kichwa cha kuchapia, ambacho ni miongoni mwa sehemu zenye gharama kubwa zaidi katika printa.

Kinyume cha dhana iliyozoeleka, swali la kwanza si kama wino umetengenezwa na kampuni iliyotengeneza printa au la. Swali la kwanza ni kama wino huo unalingana na printa husika kwa aina ya rangi yake, kwa namna kichwa kinavyorusha matone na kwa kazi inayokusudiwa. Bei ni swali la mwisho.

Printa ya tangi ilivyoanza

Kwa miaka mingi printa za wino ziliuzwa kwa bei nafuu, kisha mtumiaji akalazimika kununua katriji ndogo zenye bei kubwa. Katika nchi nyingi watumiaji walijibu kwa kutoboa katriji na kuzijaza wino kwa sindano, au kwa kuunganisha matangi ya nje kwa mirija myembamba.

Mwaka 2010 kampuni ya Epson ya Japani ilianza kuuza nchini Indonesia printa zilizotengenezwa kiwandani zikiwa na matangi ya kujazwa kwa chupa. Kampuni za Canon, Brother na HP zilifuata katika miaka iliyofuata.

Biashara ikageuka. Mashine sasa huuzwa kwa bei ya juu zaidi, lakini wino wake huuzwa kwa ujazo mkubwa na kwa bei ndogo kwa kila ukurasa. Kwa kuwa kumimina chupa ni kazi rahisi, soko la wino mbadala nalo likapanuka kwa kasi.

Aina mbili za wino

Wino wa printa hizi kwa sehemu kubwa ni maji. Ndani yake huwekwa rangi, gliserini au vimiminika vinavyofanana nayo ili wino usikauke haraka ndani ya vitundu, viungo vinavyousaidia kusambaa ipasavyo kwenye karatasi, na dawa ya kuzuia ukungu. Tofauti iliyo kubwa kuliko zote ipo katika rangi.

Katika aina ya kwanza, rangi imeyeyuka kabisa ndani ya kimiminika, mfano wa sukari ndani ya chai. Kwenye lebo za chupa aina hii hutambulishwa kwa neno 'Dye'. Wino huu hupita kwa urahisi katika vitundu, hutoa rangi angavu na hupendeza kwenye karatasi za picha. Udhaifu wake ni kwamba maandishi huvuja yanapolowa maji, na rangi hupauka mapema zaidi zikikaa juani.

Katika aina ya pili, rangi haijayeyuka. Ni chembe ngumu ndogo mno zinazoelea ndani ya kimiminika, na lebo huandikwa 'Pigment'. Chembe hizo hubaki juu ya karatasi badala ya kuzama ndani, hivyo maandishi huwa meusi zaidi, yenye kingo kali, na hustahimili maji na mwanga kwa muda mrefu. Udhaifu wake ni kwamba chembe zinaweza kutuama chini ya chupa au kuganda ndani ya kichwa iwapo printa haitumiki mara kwa mara.

Aina hizi mbili hazipaswi kuchanganywa katika tangi moja. Viungo vinavyozifanya chembe za pigmenti zielee bila kushikana vinaweza kushindwa kufanya kazi vinapokutana na wino wa namna nyingine. Chembe hushikana, huwa madonge, na madonge hayo huziba mirija au vitundu.

Kila printa na wino wake

Printa mbili zinazofanana kwa umbo zinaweza kutumia wino tofauti kabisa. Epson L3110 na L3150, ambazo ni maarufu majumbani, hutumia wino wa rangi iliyoyeyuka katika matangi yote manne. Ndivyo ilivyo pia kwa printa za zamani za kampuni hiyo kama L110, L210 na L220, zinazotumia chupa namba 664.

Kwa upande mwingine, Epson L4150 na L4160 hutumia wino mweusi wa pigmenti, ilhali rangi zake tatu nyingine ni za kuyeyuka. Mpangilio huo wa mweusi wa pigmenti na rangi za kuyeyuka ndio uliomo pia katika printa za Canon zinazotumia chupa za GI-490, zikiwamo G2400 na G3400, na katika printa za HP zinazotumia chupa nyeusi ya GT53 pamoja na chupa za rangi za GT52.

Kutokana na hali hiyo, chupa inayoandikwa kwamba inafaa kwa printa zote inapaswa kutazamwa kwa tahadhari. Wino mweusi wa kuyeyuka ukimiminwa katika tangi jeusi la Canon au HP, maandishi hufifia na huweza kuvuja kwenye karatasi ya kawaida. Wino wa pigmenti ukimiminwa katika L3110, mashine inaweza kuchapisha vizuri siku za mwanzo, lakini hatari ya kuziba huongezeka kila inapokaa bila kazi.

Namba za chupa nazo huleta mkanganyiko. Printa za L3110 na L3150 zinazouzwa Afrika na Mashariki ya Kati hupangiwa chupa namba 103, ilhali zinazouzwa katika nchi nyingi za Asia hupangiwa chupa namba 003. Vivyo hivyo, L4150 na L4160 hupangiwa namba 101 katika soko la Afrika na namba 001 katika soko la Asia. Mnunuzi anayekuta namba ngeni kwenye rafu asikimbilie kudhani kwamba chupa hiyo ni bandia, wala asikubali tu maneno ya muuzaji. Jambo la kufanya ni kulinganisha namba ya printa yake na orodha ya printa iliyoandikwa kwenye lebo au kwenye boksi.

Kichwa kinavyorusha wino

Jambo la pili la kuzingatia ni namna kichwa cha kuchapia kinavyofanya kazi. Printa za Epson na Brother hutumia vipande vidogo vya piezo, ambavyo hujikunja vinapopitishiwa umeme na kuusukuma wino utoke kwa matone. Printa za Canon na HP hutumia joto. Kipashio kidogo huchemsha wino kwa muda mfupi mno, kiputo cha mvuke huzaliwa, nacho husukuma tone nje.

Wino uliotengenezwa kwa ajili ya kichwa cha joto lazima ustahimili kuchemshwa mara nyingi bila kuacha masizi juu ya kipashio. Wino usiofaa huacha utando unaopunguza nguvu ya kipashio, na matone huanza kutoka madogo au kutotoka kabisa. Wino wa kichwa cha piezo haukabiliwi na joto hilo, lakini mnato wake lazima uwe katika kiwango ambacho msukumo wa kipande hicho unaweza kukimudu.

Vipimo vinavyohusika ni vidogo mno. Kichwa cha Epson L3110 kina vitundu 180 vya wino mweusi na vitundu 59 kwa kila moja ya rangi nyingine tatu, na tone lake dogo kabisa ni la pikolita 3. Wino mzito kidogo kuliko inavyotakiwa hauonekani tofauti ndani ya chupa, lakini ndani ya kitundu tofauti hiyo huamua kama mstari utachapwa au utakatika.

Hasara nayo hutofautiana. Katika printa nyingi za tangi za Canon na HP, vichwa vinaweza kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Katika printa za nyumbani za Epson, kichwa kimefungwa ndani ya mashine na kazi ya kukibadilisha ni ya fundi. Kwa printa ya bei ndogo, gharama ya kichwa pamoja na ufundi huweza kukaribia bei ya kununua mashine nyingine.

Wino wa fulana na vikombe

Hatari nyingine hutokana na wino wa kuhamisha picha kwa joto, ambao chupa zake huandikwa 'Sublimation'. Wino huu hutumiwa na wachapaji wa fulana, vikombe na vitambulisho. Picha huchapwa kwanza kwenye karatasi maalumu, kisha hubanwa kwa mashine yenye joto la karibu nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi, na rangi hugeuka kuwa mvuke unaoingia katika kitambaa cha poliesta au kitu kilichopakwa utando wake.

Chupa zake hufanana sana na za wino wa kawaida, na mara nyingi huuzwa duka moja. Ukichapwa kwenye karatasi ya kawaida bila kupashwa joto, wino huu hutoa rangi zilizofifia. Mtumiaji aliyeumimina kwa makosa hujikuta anarekebisha mipangilio ya kompyuta bila mafanikio, kumbe tatizo limo ndani ya tangi.

Anayetaka kuchapisha fulana anashauriwa kutenga printa ya kazi hiyo peke yake, iliyo tupu na ambayo haijawahi kujazwa wino mwingine.

Mbadala si bandia

Wanunuzi wengi huchanganya wino mbadala na wino bandia, ingawa ni vitu viwili tofauti. Wino mbadala hutengenezwa na kampuni nyingine, huuzwa kwa jina la kampuni hiyo, na lebo yake hueleza wazi printa unazolingana nazo. Kuuza wino wa namna hiyo ni biashara halali.

Wino bandia ni ule unaofungwa katika chupa yenye jina na nembo ya kampuni isiyoutengeneza, ili mnunuzi adanganyike. Nchini Tanzania udhibiti wa bidhaa bandia upo chini ya Tume ya Ushindani kwa mujibu wa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Nchini Kenya kazi hiyo hufanywa na mamlaka iliyoundwa kwa Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008.

Kwa mtumiaji, wino bandia una hatari zaidi kwa sababu hakuna wa kuwajibika kwa kilichomo. Kampuni inayouza wino mbadala kwa jina lake ina sifa ya kulinda, na mteja anaweza kurudi dukani kuulizia chupa ya aina ileile. Anayeuza chupa ya jina la kuazima anaweza kubadilisha kilichomo kila wiki bila mnunuzi kujua.

Dalili za kutiliwa shaka ni pamoja na mfuniko usio na muhuri wa kiwandani, maandishi yaliyokosewa tahajia, kukosekana kwa namba ya toleo au tarehe ya mwisho ya matumizi, chupa nne za boksi moja zilizojaa kwa viwango tofauti, na bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine. Aidha, ni vyema kuchana lebo ya chupa tupu kabla ya kuitupa, maana chupa halisi iliyokwisha kutumika ndiyo chombo kizuri cha kufungia wino bandia.

Hesabu ya gharama

Kabla ya kuamua, mtumiaji anapaswa kupiga hesabu ya matumizi yake mwenyewe. Chupa nyeusi ya Epson namba 103 ina mililita 65, na mtengenezaji hukadiria kwamba inatosha kurasa 4,500.

Tuseme chupa ya wino mbadala ina tofauti ya shilingi 15,000 za Tanzania chini ya chupa halisi, na kwamba inachapa kurasa zilezile. Tofauti hiyo ikigawanywa kwa kurasa 4,500, akiba ni takriban shilingi tatu na senti 30 kwa kila ukurasa.

Familia inayochapisha kurasa 100 kwa mwezi itatumia chupa hiyo kwa miezi 45, yaani miaka mitatu na miezi tisa. Akiba yake itakuwa karibu shilingi 330 kwa mwezi. Hata kama sehemu ya wino itaishia katika kusafisha kichwa na chupa ikaisha mapema zaidi, ni vigumu kusema kwamba kiasi hicho kinatosha kubeba hatari ya kupoteza mashine.

Duka la steshenari linalochapisha kurasa 4,500 kila mwezi lina hesabu nyingine. Kwa wino mweusi peke yake, akiba itafikia shilingi 180,000 kwa mwaka. Isitoshe, mashine ya duka haikai bila kazi, kwa hiyo wino haupati nafasi ya kukauka ndani ya vitundu. Mahali kama hapo wino mbadala ulio bora huwa na maana kubwa zaidi.

Suala la dhamana nalo liingizwe katika hesabu. Watengenezaji huandika katika masharti yao kwamba uharibifu uliosababishwa na wino usio wa kwao haufidiwi. Kwa sababu hiyo, kwa printa mpya ni busara kutumia wino halisi hadi muda wa dhamana uishe.

Nyaraka za kudumu zihesabiwe peke yake. Vyeti, mikataba, kumbukumbu za vikao na barua zinazoweza kulowa au kukaa miaka mingi kabatini zinafaa kuchapwa kwa wino mweusi wa pigmenti, kwa printa iliyotengenezwa kuutumia. Cheti kilichochapwa kwa wino wa kuyeyuka kinaweza kuharibiwa na tone moja la mvua mlangoni mwa ofisi. Kwa mwenye cheti, hasara hiyo ni kubwa kuliko bei ya chupa kadhaa za wino.

Namna ya kubadilisha wino

Anayeamua kuhamia wino mbadala anashauriwa kufuata hatua zifuatazo.

Kwanza, athibitishe namba ya printa, aina ya rangi ya kila tangi, na kwamba lebo ya wino mpya inataja vyote viwili. Lebo isiyotaja kama wino ni wa kuyeyuka au wa pigmenti haitoshi.

Pili, anunue rangi zote nne za kampuni moja na za mfululizo mmoja. Kuchanganya mweusi wa kampuni hii na nyekundu ya kampuni ile huharibu uwiano wa rangi katika picha.

Tatu, kabla ya kumimina, achanganye matone machache ya wino wa zamani na wa mpya wa rangi ileile katika chombo safi cha kioo na kuyafunika kwa siku moja. Mchanganyiko ukiganda, ukiwa na madonge au ukitengana, wino huo usimiminwe. Jaribio hili halithibitishi kila kitu, lakini hufichua tatizo kubwa mapema.

Nne, aache wino wa zamani ushuke hadi karibu na mstari wa chini wa tangi, bila kuupita. Wino ukipungua chini ya mstari huo, hewa huingia katika mirija na kuzuia wino usifike kwenye kichwa. Printa nyingi za nyumbani humtegemea mtumiaji aangalie kiwango kwa macho yake.

Tano, achapishe ukurasa wa ukaguzi wa vitundu kabla ya kujaza na baada ya kujaza, na auhifadhi wa mwanzo. Mistari iliyokatika ikionekana baadaye, kurasa hizo mbili zitaonyesha kama tatizo lilikuwapo tangu awali.

Sita, aandike kwenye karatasi jina la wino, namba ya toleo na tarehe ya kujaza, kisha aibandike nyuma ya printa. Fundi atakayeitwa siku za usoni ataanzia hapo.

Chupa ya pigmenti igeuzwegeuzwe taratibu kabla ya kufunguliwa ili chembe zisambae, ila isitikiswe kwa nguvu. Chupa zote zihifadhiwe mahali penye ubaridi, mbali na jua na mbali na watoto.

Dalili za wino usiofaa

Dalili ya kwanza huwa mistari myeupe inayopita katikati ya maandishi au picha, ambayo huondoka baada ya kusafisha kichwa na kurudi siku chache baadaye. Nyingine ni rangi ya ngozi katika picha kugeuka ya kijani au ya zambarau, maandishi yenye kingo zilizotawanyika, na karatasi kubaki na unyevu kwa muda mrefu.

Rangi kubadilika kidogo si lazima iwe ishara ya ubovu. Programu ya printa imepangwa kwa wino wa mtengenezaji, hivyo wino mwingine unaweza kutoa rangi tofauti hata kama ni salama kwa mashine.

Kusafisha kichwa mara kwa mara si tiba. Kila usafishaji humwaga wino katika sifongo iliyo ndani ya printa, na printa nyingi huhesabu wino huo unaomwagwa. Hesabu ikifika kikomo, mashine husimama hadi sifongo ibadilishwe. Iwapo mistari haijarejea baada ya usafishaji mara mbili au tatu, ni afadhali kuiacha printa ipumzike kwa saa kadhaa, kisha kukagua upya kabla ya kumwita fundi.

Kwa jumla, wino mbadala ulio bora upo sokoni, na watu wengi huutumia bila matatizo. Wanaofaulu ni wale wanaojua kilichomo ndani ya matangi yao, huchagua aina moja inayolingana na mashine, na hubaki nayo. Mnunuzi anayebadilisha chupa kila anapokuta bei ndogo zaidi hufanya majaribio ndani ya kichwa cha printa yake, na matokeo huyaona baada ya wino kufika mahali asipoweza kuutoa.